Ukurasa wa Sauti za Mafriji

"—wa kwanza! Mama Mdogo, toka huko nyuma uone! Sisi ndio wa kwanza! Juu kabisa, juuu, hakuna mtu juu yetu!"

Mama Mdogo hakutoka. Kichwa chake kilikuwa nyuma ya friji refu jeupe, bisibisi kaiuma kwa meno, simu yenye tochi kaibana kwapani, na kilichoonekana kwa mtu anayeingia karakana ni viatu vyake vya mpira tu, na kilichosikika ni "Mm."

"Usiniambie mm! Nimetafuta kwenye simu yangu, tumo. Kwenye simu ya Mama, tumo. Mjomba naye kaniambia kwake tumo. Wa kwanza kila mahali!"

Bisibisi ikatolewa mdomoni. "Na hao watu wanaotuona wa kwanza," sauti ikauliza kutoka nyuma ya friji, "mbona simu hailii?"

Hapo mwenye habari akanyamaza kidogo. Kidogo tu, maana huyu nyumbani wanamwita Kiherehere, na jina hilo hakuna ndugu aliyewahi kuuliza limetoka wapi. Kamaliza chuo, kasomea mambo ya mawasiliano, kazi bado anaitafuta, na habari ikimfika hailali kwake hata dakika. Akisikia kitu saa nne asubuhi, saa tano mtaa mzima umeshiba.

Na hii ya kuwa wa kwanza haikuwa habari ndogo. Mama Mdogo, yaani mdogo wake mama yake wa kuzaliwa, ni fundi wa mafriji. Karakana yake ni chumba kimoja chenye mlango wa chuma wa kukunja, ubavuni mwa duka la vioo, na zamani mlango huo ulikuwa unatazamana na geti la soko. Kisha geti likahamishiwa upande wa pili. Watu nao wakahamia upande wa pili. Mama Mdogo akabaki na mafriji yake yaliyopona, mazima, yanayong'aa, na hakuna wa kupita kuyaona.

Ndipo akatokea meneja wa duka kubwa la vyombo vya umeme. Walikuwa wanajenga tawi jipya, wanataka fundi. Mshahara upo, likizo ipo, na shati lipo, la bluu, lenye jina la duka mfukoni. Sharti moja: karakana ifungwe. "Sikuharakishi, mama," meneja alisema. "Siku tunayofungua tawi, nitapiga simu. Nataka neno moja tu, ndiyo au hapana."

Mama Mdogo hakulitaka lile shati. Alishazoea kujifokea mwenyewe, hakuona sababu ya kumwajiri mtu wa kumfokea. Lakini karakana isiyo na wateja ni stoo. Kiherehere alipojitolea kumtengenezea tovuti, alimtazama mpwa wake huyo kwa muda, akamwambia maneno ambayo ukoo mzima uliyashika kichwani:

"Haya. Mtu mmoja. Nisiyemjua, asiyetumwa na ndugu wala jirani, aje hapa na friji lake kwa sababu ya hiyo intaneti yako. Akija mmoja, nabaki. Asipokuja, navaa shati lao na sitaki kusikia kilio cha mtu."

Basi Kiherehere akaandika. Na alivyoandika ule ukurasa wa mwanzo, jamani, heri tusimsengenye, lakini acha tumsengenye kidogo. Alikuwa amesikia chuoni kwamba injini za kutafutia zinapenda neno lirudiwe. Akalirudia. "Je, unatafuta fundi bora wa majokofu? Usihangaike! Fundi bora wa majokofu yupo. Sisi ni fundi bora wa majokofu kwa sababu fundi bora wa majokofu lazima awe bora." Mama yake alipousoma aliuliza kwa upole, "Mwanangu, huyu fundi ana kigugumizi?"

Lakini ukoo ulikuwa na imani. Kila asubuhi, kabla ya chai, Mama anaandika jina la karakana kwenye simu, anabofya. Mjomba, ambaye ni kaka yao wa kwanza kuzaliwa na mtu wa vituko, anabofya akiwa bado na mswaki mdomoni. Binamu nao wanabofya. Kiherehere mwenyewe anabofya mara nyingi kuliko wote. Na kweli, siku hiyo ikawa hivyo: wa kwanza!

Ila simu haikulia. Si siku hiyo, si wiki hiyo.

Ukweli aliukuta saluni, mahali ambapo hakwenda kutafuta ukweli bali kusuka nywele. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, kichwa kimebanwa katikati ya magoti ya msusi, domo liko wazi kama kawaida. "Hebu, dada, shika simu yako. Andika 'fundi friji.' Utatuona hapo juu."

Msusi akafuta mafuta vidoleni, akaandika. Kidole kikateleza juu ya kioo.

"Umetuona?"

"Mnaitwaje?"

Akamtajia.

"Hamumo."

"Shuka chini kidogo."

"Nimeshuka. Nimeshuka mpaka nimefika kwenye viwanja vinavyouzwa. Hamumo, mdogo wangu."

Kiherehere akaruka kigodani, kitana kikiwa kimening'inia kichwani. Akaichukua simu, akaangalia mwenyewe. Hakuna. Akamwomba simu mama mmoja aliyekuwa amekaa chini ya mashine ya kukaushia nywele. Huko nako hakuna. Akashika simu yake mwenyewe: wa kwanza, tena kwa madaha!

Akapigwa na butwaa, kisha akaanza kucheka peke yake, kisha akaacha kucheka. Kumbe! Simu zao nyumbani zilishawajua. Zimeona kila asubuhi watu hawa wanaulizia karakana moja, wanabofya karakana moja, zikaona isiwe taabu, tuwawekee juu kitu wanachokipenda. Muda wote huo simu zilikuwa zinawapaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Tena walikuwa wanaandika jina la karakana! Nani mwingine duniani analijua jina la karakana?

Mtu mwingine angelia hapo. Yeye macho yakamtoka pima, yale macho yake ya kutaka kujua. "Dada," akamwambia msusi, "friji lako likianza kusumbua, ungeandika nini?"

"Mimi? Nisingeandika fundi. Fundi atataka hela. Ningeuliza kwanza lina nini."

"Andika basi. Kama uko jikoni peke yako."

Msusi akafikiri. "Langu linakoroma," akasema, na akaandika hivyo hivyo: friji linakoroma. Kilichokuja ni waume. Kurasa na kurasa za waume wanaokoroma, namna ya kuwalaza kwa ubavu, namna ya kuwainua kwa mto. Saluni nzima ikavunjika mbavu. Mama wa chini ya mashine akasema huo ukurasa wa mto atumiwe kwenye simu yake.

Kiherehere hakucheka sana, maana alikuwa ameona kitu kingine. Msusi alipoandika "friji lina" tu, kabla hajamaliza, kisanduku cha kutafutia kilikuwa kimemwaga mapendekezo chini yake: friji linagonga gonga. Friji linalia kama maji. Friji linanguruma halafu linanyamaza. Yaani ni maneno ambayo watu wengine wameshayaandika! Watu asiowajua, waliosimama majikoni kwao mkono kiunoni, wanasikiliza, hawana wa kumuuliza, wanaiuliza simu. Na alipobofya moja moja aone wamejibiwa nini, hapakuwa na jibu la maana. Hakuna aliyewahi kuwajibu watu hawa.

Alitoka saluni nusu ya kichwa kimesukwa, nusu imesimama kama ufagio. Msusi akabaki mlangoni anaita, "Wewe! Na hii nusu ya pili je?"

Kuanzia hapo Kiherehere akawa mtu wa kuingia majikoni mwa watu. Anabisha hodi, anasalimia, anaomba asikilize friji. Wengine walimwonea huruma wakijua kasoma sana. Anaweka sikio kwenye mlango wa friji, anafumba macho, anaandika kwenye simu: chwaaa. Tak. Ngrrr-ngrrr. Mmm-tk, mmm-tk. Nyumba nyingine alimkuta bibi ambaye friji lake lilipiga tii-tii-tii kila anapopika, na bibi akawa analijibu.

Kisha anakimbilia karakana na sauti zake kama mtu aliyetoka kuvuna.

"Mama Mdogo, chwaaa ni nini? Kama bomba linalopitisha maji mbali."

"Gesi inazunguka. Hiyo nzuri."

"Na tak! Moja, kavu, kama mtu kavunja kijiti?"

"Plastiki ya ndani, inajikunja kwa baridi."

"Na mmm, halafu tk?"

Mama Mdogo akainua kichwa. "Mmm fupi au mmm ndefu?"

"Kuna tofauti?"

"We! Fupi ni kompresa, ile mashine ya nyuma, inajaribu kuwaka, inashindwa, inajizima. Hiyo mtu azime friji saa hiyo hiyo, asisubiri." Akaitoa ile sauti kwa koo lake mwenyewe, polepole, na Kiherehere akairudia, na wakakaa hapo, mama mtu na mpwa wake, katikati ya mafriji yaliyofunguka matumbo, wananguruma kwa zamu. Mwenye duka la vioo akachungulia, akaona si ugonjwa, akarudi kwake. Walibishana hasa ilipofika zamu ya ile ya feni inayogonga barafu: Kiherehere anataka trrrr, Mama Mdogo anataka prrrr, na hakuna aliyekubali kushindwa mpaka Kiherehere akaandika zote mbili.

Enzi ya fundi bora wa majokofu ikawa imekwisha. Kiherehere aliufuta ukurasa wa kigugumizi bila huruma. Jokofu nalo akalifuta, maana katika watu wote aliowauliza, hakuna hata mmoja aliyeandika jokofu. Jokofu waliliacha shuleni. Picha kubwa za mafriji yanayong'aa akazipunguza ukubwa, kwa sababu simu ya msusi ilikuwa inazisubiri mpaka mtu anasahau alichokuwa anatafuta. Juu kabisa akaweka swali, kama watu wanavyoliuliza: Friji lako linaliaje? Chini yake sauti, moja moja, na kila sauti jibu lake limetangulia, maelezo yakafuata.

Chwaaa, kama maji kwenye bomba: usiogope, ni gesi inazunguka, nenda kalale. Tak moja kavu: usiogope, ni plastiki. Trrrr au prrrr inayokoma ukifungua mlango: feni inagonga barafu, toa vyakula, zima, acha barafu yote iyeyuke, kisha jaribu tena. Mmm-tk, mmm-tk: zima sasa hivi, tafuta fundi leo.

Mama Mdogo aliposomewa, uso ukakunjamana. "Subiri. Unawaambia waende wakalale?"

"Si wewe umesema hayana tatizo?"

"Nimekuambia wewe! Sikusema uwatangazie. Huyu kalala, huyu kayeyusha barafu mwenyewe. Sasa kwangu anakuja nani?"

"Ambaye hakupata usingizi," Kiherehere akasema.

Mama Mdogo akamtazama kama anataka kumchapa na kama anataka kucheka, mwishowe akarudi nyuma ya friji. Hakusikia mstari wa mwisho wa ukurasa. Kiherehere alikuwa hajamsomea, kwa sababu aliuongeza wakati wa kutoka, akiwa amesimama mlangoni: Sauti ya friji lako haimo hapa? Tupigie, utuigizie.

Sasa ikabaki kazi ya kuangalia wao ni wa ngapi kwenye foleni ya mtandao. Simu za nyumbani zilipigwa marufuku. Mama na Mjomba waliapishwa wasibofye, na Mjomba akauliza kama anaruhusiwa kubofya kwa moyo. Kiherehere akawa anaomba macho ya watu wa mbali. Kwenye foleni ya benki: "Samahani, kaka, naomba unitafutie kitu kwenye simu yako, andika friji linagonga." Kaka anashtuka, anashika mfuko. Zahanati, kwa fundi viatu, kwa wapiga fotokopi. Mwanzo walikuwa mbali, ukurasa wa tatu huko ambako hakuna mtu anayefika. Baadaye wa pili. Ikafika siku kijana wa fotokopi aliandika friji linakoroma, na kilichotokea juu, juu ya waume wote, ni karakana ya Mama Mdogo.

"Tumewapita waume!" Kiherehere akapiga kelele, na kijana wa fotokopi akabana karatasi kwenye mashine.

Wakati huo tawi jipya lilikuwa limeshapakwa rangi. Vioo vimewekwa. Shati la bluu lilikuwa limetumwa, limekunjwa ndani ya mfuko wa plastiki, na Mama Mdogo alikuwa ameliweka juu ya kabati la vifaa bila kulifungua. Kila Kiherehere akiingia, macho yanakwenda pale kwanza.

Mjomba ndiye aliyeharibu. Kwa nia njema, lakini aliharibu. Siku moja akaingia mwanamume mwenye suruali iliyopigwa pasi vizuri, kashika friji dogo la mezani kifuani kama mtoto. "Nimekuja," akasema kwa sauti ya mtu aliyekariri, "kwa sababu ya intaneti."

Kiherehere karibu azimie kwa furaha. Mama Mdogo akalichomeka lile friji, akaweka kiganja ndani, akasubiri, akalizima.

"Lina shida gani?"

"Linaharibika."

"Wapi?"

"Pale... ndani."

"Uliandika nini kwenye intaneti?"

"Niliandika intaneti."

"Kaka yangu hajambo?"

"Hajambo sana, anakusalimu," akajibu jamaa wa watu, na maneno yalipomtoka akajishika mdomo.

Alitolewa nje yeye na friji lake zima. Simu aliyopigiwa Mjomba jioni ile ilisikika mpaka duka la vioo. "Nataka mtu, kaka! Sitaki maigizo! Mnanifanya mtoto wa kubembelezwa?" Alipokata, Mama Mdogo akakaa juu ya kiti cha plastiki, akasema kwa sauti ya chini ambayo Kiherehere alikuwa hajawahi kuisikia kwake, "Heri wasije kabisa. Kuliko kuja hivi."

Na kweli hawakuja. Ikafika siku ya ufunguzi. Muziki wa tawi jipya ulisikika tangu asubuhi. Mama Mdogo alikuwa amefagia karakana, amepanga bisibisi kwa urefu, ameliteremsha shati mezani. Bado kwenye mfuko wake, lakini mezani. Kiherehere alikuwa ametumwa dukani kununua sabuni. Simu ikalia.

Mama Mdogo akajua ni meneja. Akavuta pumzi, akapokea. "Halo."

"Khe-khe-khe-khe," simu ikasema. "Fwiii."

"Halo?"

"Khe-khe-khe-khe. Fwiii."

"Kaka! Leo? Siku ya leo huna haya?" Akakata.

Ikalia tena. "Khe-khe—"

"Nakuja kukuzaba kibao mbele ya wanao!" Akakata, akaitupa simu mezani, juu ya shati.

Kiherehere akaingia na sabuni mkononi. "Nani?"

"Mjomba wako. Ananichekea kwenye simu."

"Anakucheka?"

"Khe-khe-khe, fwii. Mtu mzima na ndevu zake!"

Sabuni ikadondoka. Kiherehere aliiokota simu, akaangalia namba. Haikuwa ya Mjomba. Haikuwa ya ndugu yeyote. Akatoa simu yake, akampigia Mjomba, na Mjomba akapokea kwa sauti ya mtu ambaye kinyozi kamwekea wembe shingoni.

"Mjomba, umempigia Mama Mdogo sasa hivi?"

"Mimi? Naapa! Tangu ile siku naogopa hata kupita mtaa huo. Kwani kuna nini? Niambie! Halo?"

Kiherehere alikata. "Mama Mdogo," akasema polepole, jambo ambalo kwake ni la ajabu, "kuna mstari sikukusomea." Akamsomea.

Mama Mdogo akaketi. Mkono ukamwenda mdomoni. "Nimemwambia nitamzaba kibao."

"Mbele ya wanawe."

"Mpigie wewe. Mimi siwezi. Nitasema nini mimi?"

Kiherehere akapiga. Simu ikaita, ikaita, wote wawili wameinama juu yake. Mara ikapokewa. "Halo," ilisema sauti ya mwanamume, ya taratibu, iliyonyong'onyea.

"Halo, shikamoo baba, ni karakana ya mafriji, tunaomba radhi sana, tena sana, fundi alidhani ni kaka yake—"

"Kumbe!" Sauti ikafunguka. "Mimi nilidhani nimekosea sauti. Nikamwambia mke wangu, labda nimeanzia chini mno. Mara ya pili nikapandisha. Mimi ni mwalimu wa kwaya, unajua."

Kiherehere alikuwa anarukaruka bila kutoa mlio. Mwalimu wa kwaya akaeleza kuwa walisoma ukurasa mzima, yeye na mke wake, wamesimama mbele ya friji, wakaziimba sauti zote moja baada ya nyingine. Yao haikuwemo. Ya kwao inacheka. "Tunaweza kulileta leo? Mke wangu anasema hawezi kulala nyumba moja na kitu kinachomcheka."

Walifika kwenye gari dogo la mizigo, friji limesimama wima limefungwa kamba, mwalimu kalishika upande huu na mke wake kalishika upande ule. Mama Mdogo akawapokea mlangoni, mikono nyuma, kama askari wa mpakani.

"Karibuni. Samahani kwa yale ya simu. Lakini kabla halijashuka, nina maswali."

"Uliza, fundi."

"Mnaishi wapi?" Wakamwambia. Mbali, upande wa pili wa mji kabisa. "Mnamjua kaka yangu? Mrefu, mapengo hapa mbele, anacheka kabla hajamaliza kusema?"

Wakatazamana. "Hapana."

"Dada yangu? Msusi wa pale chini? Muuza vioo?"

"Fundi," mke wa mwalimu akasema, "tumekuja kutengeneza friji au tumekuja kuposa?"

Kiherehere akageuka ukutani, mabega yanatikisika. Mama Mdogo hakutetereka. "Naomba kuona simu yako, baba. Ulichoandika."

Mwalimu akamfungulia. Mama Mdogo akaisogeza karibu na macho, akasoma, midomo ikicheza: friji linacheka. Hayo tu. Na chini yake, cha kwanza kabisa, kwenye simu ambayo hakuna ndugu aliyewahi kuigusa, karakana yake.

Alirudisha simu kwa mikono miwili. "Lishusheni," akasema.

Likashushwa. Akalipa muda litulie, kisha akalichomeka. Wote wakakaa kimya: fundi, mpwa wake, mwalimu na mke wake, na mwenye duka la vioo ambaye hakualikwa. Friji likanguruma kawaida, likapoa kawaida. Mke wa mwalimu akaanza kusema kwamba huwa linaona aibu mbele za watu. Mara: khe-khe-khe-khe. Fwiii.

Mama Mdogo akainua nyusi. Akafungua mlango: likanyamaza. Akafunga: khe-khe. Akaweka sikio ubavuni, akahamia nyuma, akagonga kwa kidole, akapiga magoti. "Feni siyo," akajisemea. "Feni haivuti pumzi hivi. Na bomba haliwezi..." Akanyoosha mkono bila kutazama, na Kiherehere akaujua mkono ule unataka bisibisi ipi. Uso wa Mama Mdogo ulikuwa umebadilika, umekuwa kama wa msichana aliyesikia jina lake nyuma ya mlango. "Hii," akasema, "hii sijawahi kuisikia."

Simu ikalia mezani. Kiherehere akaitazama. "Meneja."

"Nina grisi mikononi. Niwekee sikioni. Au weka wote wasikie, basi."

Sauti ya meneja ikajaa karakana, na nyuma yake muziki na makofi. "Hongera kwetu, mama! Tumefungua! Sasa lile neno moja. Ndiyo?"

"Hapana, baba," Mama Mdogo akasema, kichwa kiko ndani ya friji. "Asante sana. Shati lenu nitalirudisha, halijafunguliwa."

"Hapana? Kwa nini, mama? Umepata wengine?"

"Nimepata mteja." Alilitamka lile neno taratibu, akiliachia nafasi. "Nisiyemjua."

"Mteja mmoja?"

"Khe-khe-khe-khe," friji likasema. "Fwiii."

Muziki wa meneja ukasikika unaendelea peke yake. Naye, kabla hajawa meneja, alikuwa ameanzia kwenye kuuza mafriji hayo hayo. "Mama," akauliza, sauti imeshuka, imesogea karibu, "hicho ni nini?"

"Hata mimi sijui."

"Ni feni?"

"Siyo feni."

"Basi bomba la nyuma limelegea, linagusa—"

"Nimeligusa. Siyo." Mama Mdogo akavuta kifuniko cha nyuma, kikaachia, akainama kuchungulia gizani, na Kiherehere akainama naye, na mwalimu wa kwaya na mke wake wakainama nyuma yao. "Nipigie kesho, baba," akasema. "Nitakueleza yote. Sasa hivi naingia ndani."